Je, Mtoto Aende Kambini?



Ndugu wazazi, wiki chache zilizopita tulipigiwa simu kutoka Bowling Green, mji ulioko katika jimbo la Kentucky, Marekani. Aliyepiga ni mama mmoja ambaye tulimsomesha hapa Buyenzi tangu alifu na bee. Jina lake hatutalitaja, ingawa wengi wenu mnawajua wazee wake. Alitoka Bujumbura katika machafuko ya 2015 akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Alipita Kagunga, pale ufukweni ambapo maelfu ya watu walirundikana mpaka kipindupindu kikaingia, kisha meli ya Liemba ikawapeleka Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa Nyarugusu. Alikaa kambini miaka kadhaa kabla ya kupata safari ya Marekani.

Mtoto yule wa mgongoni sasa ana miaka 11, yuko darasa la tano. Shule yake imeleta fomu ya ruhusa.

"Maalim," mama akatuambia, "wanataka kumpeleka mtoto kambini. Siku 3, usiku 2, wanalala kwenye mahema porini, na pesa nilipe mimi. Mimi niliyetoka kambini nikilia kwa furaha, leo nilipe ili mtoto arudi?"

Tulicheka, naye akacheka, kisha tukanyamaza wote wawili. Kiswahili chetu kina neno hilo moja tu. Kambi ya wakimbizi ni kambi, kambi ya jeshi ni kambi, na kambi ya watoto wa shule wanaokwenda kujifunza majina ya ndege nayo ni kambi. Mtu aliyelizoea neno hilo akiwa kwenye foleni ya maji Nyarugusu hawezi kulisikia kama mapumziko. Na pori vilevile. Kwa wengi wetu katika nchi hizi, pori ni mahali ambapo watu walijificha usiku wakimziba mtoto mdomo asilie. Anayesema watu wetu hawapendi maumbile ya Mwenyezi Mungu (S.W.) hajui walikopita.

Mama alitaka tumwambie kwamba dini inamruhusu kukataa, amalize maneno na mwalimu wa shule. Alihesabu sababu zake: chakula, swala, baridi, nyoka, wavulana na wasichana pamoja. Hizo tutazirudia. Lakini alitaja na sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Majirani zake, Wamarekani weusi, watu wema waliompokea vizuri, walimwambia asijisumbue, kwani mambo ya kulala msituni ni ya wazungu, watu weusi hawana kazi huko.

Sisi si mamufti, ni walimu wa madrasa tu. Lakini neno hilo la mwisho tunalikataa, na tutaeleza kwa nini, kwa sababu mahali penyewe watoto wanapopelekwa panalikanusha.

Wanapelekwa Mammoth Cave, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini kwao. Ni hifadhi ya taifa yenye msitu juu na pango chini, na pango hilo ndilo refu kuliko yote yanayojulikana duniani, kwani njia zake zilizokwisha kupimwa zimepita kilomita 680. Nani aliyelifungua? Mwaka 1838 aliletwa hapo kijana mtumwa, umri wake kama miaka 17, jina lake Stephen Bishop. Bwana wake alilinunua pango ili atoze wageni, na kazi ya kuwatembeza akampa huyu kijana. Mwaka uleule Stephen alivuka shimo ambalo watu waliliita lisilo na mwisho, mahali ambapo kabla yake kila mgeni aligeuka na kurudi, akaingia sehemu ambazo hazikuwa zikijulikana. Alikuta mito inayopita chini ya ardhi, na samaki wasio na macho, kwani katika giza lile macho hayana kazi. Mwaka uliofuata akauzwa pamoja na pango, kama vile mtu anavyouza nyumba na vyombo vyake. Mwaka 1842 bwana wake mpya alimkalisha achore ramani, naye akaichora kwa kumbukumbu ya kichwa chake, na ramani hiyo ilichapishwa ikatumika kwa miaka mingi. Aliachwa huru 1856. Mwaka uliofuata akafa.

Pamoja naye walikuwapo Mat na Nick Bransford, nao watumwa, waliokodishwa na bwana wao kufanya kazi hiyohiyo ya kuongoza wageni. Watoto na wajukuu wa Mat wakairithi kazi, kizazi baada ya kizazi, karibu miaka 100. Wageni weusi walipoanza kuja kuliona pango, hoteli ya pale haikuwapokea, kwa hiyo Matt Bransford, mjukuu wa Mat, na mkewe Zemmie wakafungua nyumba ya wageni kwa ajili yao. Kisha serikali ikaligeuza pango na msitu wake kuwa hifadhi ya taifa, iliyosimama rasmi mwaka 1941, na ukoo wa Bransford ukatoka katika kazi. Hawakuajiriwa. Watu waliolijua pango kama sisi tunavyovijua vichochoro vya Buyenzi waliambiwa kwa vitendo kwamba mahali hapo si pao tena. Zilipita zaidi ya miaka 60 ndipo mmoja wa kizazi chao, Jerry Bransford, alipovaa sare na kurudi kuongoza wageni mwaka 2004.

Basi jirani anaposema watu weusi hawana kazi huko, hasemi uongo wa makusudi. Anasema aliyoyasikia kwa wazee wake, na wazee wake walikuwa na sababu. Katika hifadhi ya Shenandoah, jimbo la Virginia, mwaka 1939 ulifunguliwa uwanja wa mahema uitwao Lewis Mountain, ukiwa ndio wa watu weusi, na kwingine palikuwa pa wazungu. Kentucky yenyewe ilikuwa na bustani ya jimbo kwa watu weusi peke yao, Cherokee, iliyofunguliwa 1951 na kufungwa katika miaka ya sitini.

Maji nayo yalikuwa na mipaka. Mwezi wa Julai 1919 huko Chicago, kijana mweusi wa miaka 17, Eugene Williams, alikuwa ziwani na wenzake, wakapelekwa na maji mpaka upande uliohesabiwa kuwa wa wazungu. Walipigwa mawe, naye akafa maji, na katika vurugu zilizofuata walikufa watu 38. Baadaye mahakama zilipoamuru kwamba mabwawa ya kuogelea ya miji yawe ya wote, baadhi ya miji iliona heri kuyafunga kuliko kuogelea pamoja. Mji wa Jackson, Mississippi, ulifanya hivyo, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema haukuvunja sheria. Mzazi asiyejua kuogelea hawezi kumfundisha mtoto, na mtoto huyo akiwa mzazi atamkataza wake. Leo takwimu za idara ya afya ya nchi ile zinaonyesha kwamba watoto weusi wa miaka 10 mpaka 14 hufa maji katika mabwawa ya kuogelea kwa kiwango kinachopita mara 7 kile cha watoto wa kizungu. Waliowafungia maji babu zao wengi wao wako makaburini, na bado wajukuu wanazama.

Hapa, ndugu wazazi, hatuna budi kusema jambo letu wenyewe, maana si haki kuzungumzia mabwawa ya Mississippi tukanyamaza kuhusu Tanganyika.

Kutoka madrasa yetu mpaka ziwani ni mwendo wa mguu. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kina chake kinapita mita 1,400. Katika dunia nzima liko moja tu lililo refu zaidi kwenda chini. Watoto wetu wanakula ndagala na mukeke wake karibu kila wiki. Na kwa miaka mingi kanuni yetu ilikuwa moja: mwanafunzi atakayeonekana ziwani, fimbo. Tuliogopa mamba, tuliogopa viboko, tuliogopa uvivu, na tukiwa wakweli tuliogopa pia maneno ya wazazi. Kanuni hiyo haikumzuia mtoto hata mmoja kwenda. Iliwazuia tu wasiende na mtu mzima. Walikwenda kwa siri, wakavua kanzu wakazificha, wakaingia majini bila anayejua kuogelea hata kidogo. Siku moja tuliitwa. Kijana alikuwa na miaka 13, alikuwa akikaribia kumaliza juzuu ya 15, na tulimswalia katika msikiti uleule aliokuwa akiadhini. Wenzake walikiri baadaye kwamba walichelewa kutuambia kwa sababu waliogopa fimbo.

Tangu siku hiyo hatuna tena ujasiri wa kumwambia mzazi kwamba kumfungia mtoto ndani ni kumlinda.

Wengine watasema hatari za Marekani ni nyingine, na ni kweli. Tarehe 25 Mei 2020, siku ileile aliyouawa George Floyd, mtu mweusi mmoja aitwaye Christian Cooper alikuwa katika bustani ya Central Park, New York, akiangalia ndege kwa darubini. Alimwomba mwanamke wa kizungu amfunge mbwa wake kamba kama kanuni ya mahali inavyotaka, na yule akapiga simu polisi kudai kwamba anatishwa na mtu mweusi. Kwa hiyo mama yetu wa Bowling Green hajachanganyikiwa anapoogopa. Tunachosema ni kwamba Cooper hakuacha kuangalia ndege. Na wako wengi waliochukua njia hiyo. Rue Mapp, mama mweusi wa Oakland, California, alianzisha mwaka 2009 jumuiya iitwayo Outdoor Afro, ambayo huwakusanya watu weusi na familia zao kutembea milimani, kupiga makasia na kulala kwenye mahema, wakiongozwa na watu wanaofanana nao. Upande wetu Waislamu, Ibrahim Abdul-Matin, Mmarekani mweusi wa New York, aliandika mwaka 2010 kitabu kizima, Green Deen, kuhusu wajibu wa Muislamu kwa ardhi. Mtoto akiwa na wa kumwongoza, hofu haiishi yote, lakini hatembei nayo peke yake.

Sasa tuseme mtoto anakwenda kujifunza nini, maana mama aliuliza kama ni mchezo tu.

Ardhi ya kule ni ya mawe ya chokaa yaliyotoboka. Mvua haikai juu kufanya vijito, inazama katika mashimo na kutokea kwenye mito ya pangoni. Kwa hiyo mafuta yanayomwagika barabarani, mbolea ya shambani na uchafu wa vyoo vibovu vikizama huku juu vinafika kule chini kwa yule samaki asiye na macho. Mtoto akishaliona hilo kwa macho yake, haoni tena kwamba ukikitupa kitu kimekwisha. Halafu kuna popo. Ugonjwa wa ukungu mweupe puani umeua popo wengi mno Marekani, na katika Mammoth Cave ulionekana mwaka 2013. Kwa sababu hiyo kila anayetoka pangoni hupita juu ya mikeka iliyotiwa maji ya dawa ili nyayo zake zisiubebe kwenda mapango mengine. Mtoto wa miaka 11 anayekanyaga mkeka huo na kuelezwa sababu yake amepata somo la twahara ambalo sisi tungelifundisha kwa wiki.

Nasi tuna Ntahangwa hapa. Inapita kando yetu ikibeba mifuko, chupa na kila tulichoitupia, inamwaga Tanganyika, na sisi tunashangaa wavuvi wakivuta plastiki ndani ya nyavu. Hakuna mwalimu wa madrasa, tukiwamo sisi, aliyewahi kuwafuata watoto kando ya mto huo akawaonyesha unakoishia. Tumewafundisha kwamba maji yenye kubadilika rangi, harufu au ladha kwa najisi hayatawadhi mtu. Wamehifadhi. Lakini tumewafundishia ubaoni.

Tukubali kuwa tumelisomesha jua pia ubaoni. Mwaka jana tuliwauliza wanafunzi wa darasa la juu, wakati wa Alasiri unaingia vipi? Wote walijibu sawasawa kama kitabu kinavyosema, kwamba kivuli cha kitu kilingane na kitu chenyewe baada ya kuondoa kile kivuli cha jua la utosi. Tukawatoa nje tukawapa kijiti, tukasema, haya, tuonyesheni. Walikitazama kijiti, wakatazamana, kisha mmoja akachungulia simu. Na hawa ndio wanaosoma sura ya Pango kila Ijumaa, mahali inapoelezwa jua likichomoza linaliepuka pango lile kwa kulia na likizama kwa kushoto. Hawajawahi kuingia pangoni, wala kukaa mahali pamoja kutwa nzima wakalitazama jua linavyotembea. Mtume wetu (S.A.W.) alichunga mbuzi na kondoo, akakaa peke yake katika pango la Hira, na alitufundisha kwamba ardhi yote imefanywa mahali pa kusujudia. Haya tunayasema kila Maulidi, kisha tunarudi chini ya mabati.

Mwenzetu mmoja katika walimu alipinga tulipoyazungumza. Alisema hifdhi inahitaji kukaa, na kila saa ya matembezi imeibwa kwenye msahafu. Ni mwalimu mzuri kuliko sisi na tunamheshimu. Ila tumeangalia daftari letu la mahudhurio, na watoto wanaopotea kwetu wakifika miaka 14 hawapotei kwa sababu ya matembezi. Wanapotea kwa kuchoka.

Tuje kwenye masharti, kwa sababu mama alistahili majibu ya kushika mkononi.

Chakula: aandike shuleni mapema kwamba mtoto hali nguruwe wala nyama isiyochinjwa kisheria. Shule za Marekani zimezoea maombi hayo, na samaki, mayai na maharage vinatosha siku 3. Tumemtahadharisha na jambo moja ambalo wazazi wengi hawalijui. Usiku watoto hukaa kuuzunguka moto wakichoma vitamutamu vyeupe laini mfano wa pamba, na vingi vyake vina jelatini ya nguruwe. Viko vya halali, anunue vyake amtilie mfukoni, tena vya kutosha kugawia wenzake, asionekane mkiwa.

Swala: mtoto hajabaleghe, lakini amezoea, aendelee. Kilomita 50 hazifiki masafa ya kupunguza swala katika madhehebu yetu ya Shafi, kwa hiyo aswali kamili. Mwezi wa Mei jua la huko huzama karibu saa 2 usiku, na kibla chao ni kaskazini mashariki. Apewe karatasi ndogo yenye maelekezo, na amweleze mwalimu wake kabla, si wakati wa swala.

Malazi: aulize waziwazi wavulana wanalala wapi, wasichana wapi, na nani anawaangalia usiku. Hilo ni swali la mzazi yeyote, hata asiye Muislamu, na mwalimu akikasirika kwa kuulizwa hapo ndipo pa kukataa. Akiweza aombe kwenda naye kama mzazi msaidizi. Alishtuka tulipomwambia hivyo. Alidhani wazazi wa kule wanaokwenda ni wale wenye Kiingereza kizuri tu.

Baridi na wadudu: ndani ya pango hewa ni kama nyuzi 12 mwaka mzima, sweta ni lazima hata kama nje ni joto. Msituni kuna kupe, avae suruali ndefu na akaguliwe mwili jioni. Nyoka wapo, na watoto hufundishwa wasitie mkono wasipopaona. Simba na fisi hakuna, aliuliza.

Lakini kuna jambo ambalo halimo kwenye fomu. Tulimwomba kwamba kabla ya safari amkalishe mtoto amsimulie Kagunga na Nyarugusu, kwa kiasi anachoweza kubeba mtoto wa miaka 11. Huyu mtoto alilala kwenye hema kabla hajajua kutembea, na hajui. Hatutaki alisikie siku moja kwa mtu wa nje. Halafu amsimulie na Stephen Bishop, ili atakapoingia pangoni na kuona wenzake wengi ni wa rangi nyingine asidhani yeye ndiye mgeni.

Mama alikaa kimya, akasema atazungumza na mumewe. Siku ya nne alituma ujumbe mfupi: fomu wameitia saini, mumewe ataomba ruhusa kazini aende nao, na je, mfuko wa kulalia unafuliwa kwa mashine?

Kwa wazazi wa hapa Buyenzi: kuanzia Jumapili ijayo inshaallah, wanafunzi wa kiume wa kuanzia miaka 10 watakwenda ziwani asubuhi baada ya kisomo cha Alfajiri. Atakuwapo mvuvi mmoja mzoefu atakayewafundisha kuogelea mahali pasipo na kina, pamoja na walimu 2. Tutarudi kabla ya adhuhuri, na jioni hatutakwenda kabisa kwa ajili ya viboko. Wasichana watakuwa na siku yao na walimu wa kike, mahali penye stara, tunapatafuta na tutatangaza. Kila mtoto aje na nguo ya kubadili, maji ya kunywa na mfuko mtupu wa kuzolea takataka njiani kando ya Ntahangwa. Mzazi asiyeridhika aje tuzungumze baada ya Ijumaa. Na fimbo kwa ajili ya ziwa tumeiondoa.

Wabillahi tawfiq.